Mpishi wa Watu wa Mnyororo

Mwanahalima binti Hamadi alikuwa mpishi wa wafungwa, na katika miaka ile ya Wadachi wanawake wenzake waliona afadhali kuuza vitumbua juani kuliko kushika kazi kama hiyo. Yeye aliishika kwa kukosa jinsi. Mumewe, mpagazi aliyemleta kutoka Pangani mpaka huku chini ya Mlima Meru, alikufa kwa kuhara akiwa safarini upande wa Kondoa. Habari zilimfikia baada ya miezi miwili. Hakuwa na ndugu hata mmoja bara. Aliposikia serikali inajenga daraja kwenye mto wa Maji ya Chai na inatafuta mpishi, alijifunga kanga kiunoni akaenda.

Waliojenga daraja walikuwa wafungwa ishirini na wanne. Waligawanywa kwenye minyororo mitatu, watu wanane kila mmoja. Kila mtu alikuwa na pete ya chuma shingoni, na mnyororo ulipita katika pete zote nane. Hivyo ndivyo walivyokula, walivyobeba mawe na walivyolala. Mmoja akishikwa na haja, wote wanane walikwenda naye porini.

Mwanahalima alitaka kujua walichokosa watu hawa, kwa hiyo alikuwa akiwauliza huku akiwapakulia. Sakaya, kijana wa Kiarusha kutoka Moshono, alikataa kwenda kubeba mawe mara ya pili katika mwezi mmoja, siku ambayo mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa. Lesikar, mtu mzima mwenye mji wake na mifugo, hakusimama Mzungu alipopita, kwa sababu alikuwa amechuchumaa anakamua ng'ombe. Bariki, Mmeru mpole asiyependa kuongea, alitoroka shamba la mkonge alikochapwa. Hakukuwa na mwuaji hata mmoja. Alitafuta mwizi, akampata mmoja tu, na huyo aliiba jembe.

Msimamizi wa kambi alikuwa Mdachi mwenye masharubu mekundu. Watu walimwita Bwana Saa, kwa vile kila wakati alikuwa akitoa saa yake mfukoni, anaitazama, kisha anawatazama wafungwa kama kwamba wao ndio waliokuwa wakimwibia muda. Chini yake walikuwako askari kumi, na mkubwa wao alikuwa Ombasha Jabiri, mtu wa Muheza. Jabiri ndiye aliyeshika funguo za minyororo.

Mwaka huo ndui iliingia. Ilianzia kwa wapagazi waliopita njiani, ikashika mji mmoja, ikaruka mwingine. Serikali ikaleta chanjo. Sanduku la mbao lilifika kambini likiwa limezungushiwa maganda mabichi ya mgomba ili lipate ubaridi, na ndani yake mlikuwa na vijichupa vyembamba vya kioo. Kijichupa kimoja kilitosha watu watano. Bwana Saa alisoma karatasi iliyokuja nalo, akaamuru watu wapange mstari.

Walichanjwa askari. Wakachanjwa mafundi wa mawe, wapagazi, hata mtu aliyemfulia Bwana nguo. Zamu ya Mwanahalima ilipofika alikataa kunyoosha mkono.

"Mimi ndui ilinimaliza nikiwa na miaka saba, Bwana," alisema, akageuza uso ili aone makovu. "Hainishiki tena. Nafasi yangu apewe mfungwa."

"Wafungwa baadaye," alisema Bwana Saa.

"Baadaye lini, Bwana?"

Alitazama saa yake, akafunga sanduku.

Jioni hiyo Jabiri alikuja jikoni kuchukua moto wa kuwashia kiko. Mwanahalima akamuuliza vijichupa vingapi vimebaki. Jabiri aliangalia nyuma kwanza.

"Vitano."

"Vitano mara watu watano ni ishirini na tano. Wafungwa ni ishirini na wanne, Ombasha."

"Hesabu naijua, Bi Mwanahalima. Anasema mwezi ujao wanakuja askari wapya, anawawekea wao."

"Dawa hiyo itakaa mwezi mzima kwenye hema lenye joto kama tanuri?"

Jabiri alipuliza kaa lake. Karatasi ya daktari wa Moshi ilikuwa imesema dawa ikae siku kumi, zisizidi. Yeye mwenyewe alikuwapo Bwana Saa alipoisoma kwa sauti.

Haikupita wiki mbili Lesikar akaamka na homa. Siku ya kwanza walidhani ni homa ya mbu. Siku ya nne vipele vilimtoka usoni na viganjani, na Mwanahalima alipomtazama tu alijua. Harufu yake aliijua pia. Aliacha ugali motoni, akaenda moja kwa moja kwenye hema la Bwana Saa, jambo ambalo mpishi hakuruhusiwa kulifanya.

"Bwana, Lesikar ana ndui. Afunguliwe alazwe peke yake. Wale saba wanalala naye, wanavuta pumzi yake, shingo kwa shingo."

"Ni upele."

"Si upele. Nitazame mimi usoni. Huu ulikuwa upele?"

Bwana Saa alisema mnyororo una watu wanane na kazi imepimwa kwa watu wanane. Ukiwafungua wagonjwa, kesho kila mtu ataamka anaumwa. Akamwambia arudi kwenye sufuria yake.

Kwa siku saba Lesikar alikwenda kazini na mnyororo. Asingeweza kubaki, maana kubaki kwake kungewabakiza wengine saba. Sakaya alikuwa mbele yake na Bariki nyuma, wakamshika kwapani huku na huku na kumburuta mpaka kwenye mawe. Alipokuwa hawezi tena kusimama, walimlaza chini na kufanya kazi kumzunguka, kwa urefu ule ambao chuma kiliwaachia. Mwanahalima alipeleka uji mwepesi, akamnywesha kwa kijiko, akamfuta usaha machoni kwa kitambaa alichokichemsha. Pete ya shingoni ilikuwa imekaa juu ya malengelenge. Kila alipomeza, ilimchuna.

"Mama," Lesikar alimwambia siku moja, kwa Kiswahili chake kidogo, "mwambie Mzungu nitasimama. Akipita, nitasimama."

Mwanahalima aliondoka pale haraka, akajificha nyuma ya kuni, akalia kwa hasira mpaka kichwa kikamuuma.

Siku ya kumi na moja ya ugonjwa, alfajiri, Lesikar alikufa. Sakaya ndiye aliyehisi uzito wake umebadilika. Akaita. Askari wa zamu akaja, kisha Jabiri, na Mwanahalima akaja mbio na mwiko mkononi.

"Fungua," alimwambia Jabiri.

"Ufunguo ninao. Ruhusa sina."

"Ruhusa ya nini? Maiti atatoroka?"

Jabiri alikwenda kuomba ruhusa. Bwana Saa alikuwa anakunywa kahawa. Alisema atakuja akimaliza. Akamaliza kahawa, akanyoa ndevu. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya miti alipotokea, na muda wote huo watu saba hai walikaa chini wamefungwa pamoja na mwenzao aliyekufa. Nzi walikuwa wamejaa. Bariki alikuwa amechana kipande cha nguo yake, akamfunika uso. Bwana Saa alitazama kwa mbali, akaandika namba kwenye daftari lake, akasema, "Sasa fungua." Ilikuwa ni namba tu. Wafungwa hawakuwa na majina katika daftari lile.

Baada ya maziko, Mwanahalima alimshika Jabiri mkono mbele ya askari wenzake.

"Wawili wengine wana homa. Nimewagusa paji la uso asubuhi hii, na mmoja ni Sakaya. Wewe ni Mwislamu, Jabiri. Utamjibu nini Mungu kuhusu huo ufunguo?"

Jabiri aliuchomoa mkono wake, akarudi kwa askari wake.

Siku zile alikuwapo mwanamke mmoja, Namnyaki, mama yake Sakaya, aliyekuwa akitembea kutoka Moshono na kibuyu cha maziwa kila baada ya siku chache. Askari walimzuia kumwona mwanawe, ila Mwanahalima alikuwa akiyapokea maziwa na kuyafikisha. Namnyaki naye alikuwa na uso wa makovu. Alipona ndui ya miaka ile mibaya ng'ombe walipokufa nchi nzima.

"Dada," Mwanahalima alimwambia, "mimi na wewe ugonjwa huu hautushiki. Nataka kwenda Moshi kwa daktari. Nikiondoka, nani atawapikia?"

"Mimi nitapika," alisema Namnyaki. "Mtoto wangu yuko ndani. Nitapika, nitaosha, hata wanipige."

Mwanahalima hakutaka kubeba ugonjwa kwenye nguo na kuutawanya njiani. Alioga mtoni kwa maji ya moto na majivu, akachoma kanga zake zote mbili, akavaa shuka alilopewa na Namnyaki. Kisha akaondoka mchana kweupe, kapu la kuni kichwani kama anayekwenda porini, na alipofika kwenye miti akalitupa kapu.

Alitembea siku mbili. Alivuka Kikuletwa maji yakimfika kifuani, akalala kwa mwanamke mmoja wa Kichaga aliyempa ndizi na hakumuuliza mengi. Kule Moshi alimkuta karani barazani kwa daktari, kijana aliyevaa kanzu safi.

"Wewe ni nani?"

"Mpishi wa wafungwa wa darajani."

"Daktari hana nafasi na wapishi. Rudi ukamwambie msimamizi wako aandike barua."

"Msimamizi wangu ndiye ugonjwa wenyewe!" alisema Mwanahalima, na sauti yake ikapanda mpaka watu wa barazani wakageuka. Hakuishusha. Alisema habari ya Lesikar tangu homa mpaka nzi. Alisema mpaka mlango wa ndani ukafunguliwa na daktari akatoka, Mdachi mwembamba mwenye miwani, mikono mitupu imelowa maji.

"Nani amekutuma?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Sikutumwa na mtu."

Daktari aliingia ndani, akarudi na karatasi. "Hapa nimeandikiwa kwamba watu wote wa kambi ya daraja wamechanjwa. Wote. Na sahihi ipo."

"Karatasi hiyo ni ya uongo, Bwana. Mimi nawapakulia chakula kila siku, nawajua mikono yao. Sahani za wafungwa zilikuwa ishirini na nne, sasa ni ishirini na tatu. Mikono yenye alama ya chanjo kati yao haipo hata mmoja. Ameandika watu wote. Sasa wale ni nini, kama si watu?"

Daktari aliisoma karatasi mara ya pili. Masikio yalimwiva mekundu. Mwanahalima alisema baadaye kwamba asingependa kumsifu zaidi ya haki yake. Kilichomkasirisha yule daktari kwanza kilikuwa kudanganywa kwa maandishi, na cha pili ni kwamba barabara ile ilipita kwenye mashamba ya Wazungu wenzake, na ndui haiulizi rangi. Wafungwa walikuja nafasi ya tatu, kama walikuja. Hata hivyo kesho yake alipanda nyumbu akaja na dawa mpya, na Mwanahalima akamfuata kwa miguu, vidole vimechubuka. Hakuna aliyefikiria kumpandisha nyumbu.

Walipofika darajani, kitu cha kwanza alichokiona Mwanahalima kilikuwa Jabiri. Alikuwa amevuliwa kofia na vifungo vya askari, ana pete ya chuma shingoni, amekaa kwenye mnyororo ule ule ambao funguo zake alikuwa amezishika yeye.

Namnyaki alimweleza kilichotokea. Siku ya pili baada ya yeye kuondoka, Sakaya alianza kutapika na kuweweseka, na mwenzake mmoja akaanguka kwenye mawe. Jabiri alisimama akiwatazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa ufunguo, akafungua watu wanne wenye homa, akawaongoza mpaka kwenye banda la kuwekea saruji lililokuwa tupu, akamwambia Namnyaki, "Mama, wahudumie hapa." Bwana Saa alipomfokea, Jabiri alisema maneno machache tu, na kambi nzima iliyasikia: "Bwana, mimi ni askari, si mchimba makaburi." Akafungwa siku hiyo hiyo.

Daktari alimwita Bwana Saa. Walizungumza Kidachi hemani kwa sauti za juu, na aliyetoka nje kwanza alikuwa daktari, amebeba lile sanduku la mbao. Vijichupa vitano vilikuwamo bado. Alivishika juani kimoja kimoja. Dawa ilikuwa imeharibika, imekuwa kama maziwa yaliyokatika. Aliviponda chini ya kiatu.

Mwanahalima alisimama karibu akivihesabu vilivyovunjika. Watu watano. Watu watano. Watu watano. Alijisikia kama anataka kumrukia mtu, na hakujua amrukie nani, kwa maana pale walikuwa wamesimama Wadachi wawili na askari tisa wenye bunduki.

"Minyororo ifunguliwe," aliamuru daktari. "Wagonjwa wajengewe banda lao ng'ambo ya mto. Hawa wanawake wawili wawahudumie. Wengine wachanjwe leo, na chakula chao kiongezwe maharage na maziwa. Mpaka nitakaposema, hakuna kazi."

Ilifanyika. Namnyaki na Mwanahalima walikaa ng'ambo ya mto majuma sita. Walichota maji, walichemsha vitambaa, waligeuza watu ubavu kwa ubavu wasioze mgongo. Wafungwa wengine, wenye mikono iliyovimba kwa chanjo, waliwakatia kuni na kuziweka kando ya maji bila ya kulindwa na mtu, na hakutoroka hata mmoja. Watu tisa waliumwa kwa jumla. Watano walikufa, ukimhesabu Lesikar, na Bariki alikuwa mmojawapo. Sakaya alipona, ila jicho la kushoto halikuona tena.

Sasa sikia jinsi hukumu ilivyogawanywa. Bwana Saa hakuulizwa kuhusu Lesikar, wala kuhusu zile dawa, wala kuhusu karatasi ya uongo. Alihamishwa tu, akapewa barabara nyingine. Mwanahalima alifukuzwa kazi kwa kuacha jiko bila ruhusa. Na Jabiri, aliyefanya siku mbili mapema jambo lile lile ambalo daktari aliamuru lifanyike, alihukumiwa miezi sita kwenye mnyororo kwa kutotii amri. Mwanahalima alikwenda kwenye shauri lake, akasimama nyuma. Mkubwa aliyehukumu alikiri mbele ya watu kwamba kuwafungua wagonjwa kulikuwa sawa. Kosa, alisema, ni kwamba ombasha hakungoja.

"Angoje wafe wangapi?" aliuliza Mwanahalima kutoka nyuma. Walimtoa nje.

Miezi sita hiyo alimpelekea Jabiri chakula kila siku. Alipika kwa mkono wake na kwenda nacho mpaka alipokuwa anavunja mawe. Askari waliokula ugali wake zamani waliona haya kumzuia. Alipofunguliwa, alikuwa na alama nyeusi kuzunguka shingo yote. Walioana mbele ya mashahidi wawili, wakajenga Ngarenaro, yeye akauza chakula kwa wapagazi na Jabiri akashona viatu.

Kabla ya hapo, hata hivyo, kulikuwa na kazi moja ambayo Mwanahalima aliona haiwezi kungoja. Daftari la kambi lilikuwa na namba tano zilizopigwa mstari, na hapakuwa na mtu aliyetumwa kuziambia familia. Alimchukua Namnyaki wakapanda mlimani, mji kwa mji.

Kwa Lesikar walimkuta mkewe mkubwa, Naeku, anapaka ukuta samadi. Aliwasikiliza bila kuacha kazi. Namnyaki alikuwa akitafsiri. Mwishoni Naeku aliuliza swali moja.

"Anauliza," alisema Namnyaki, "alipokufa, alikuwa amefunguliwa?"

Mwanahalima alikuwa ameshaandaa maneno mengine, maneno laini. Yakamkauka. "Mwambie hapana," alisema. "Mwambie walimwacha hivyo mpaka jua likapanda. Asidanganywe na mimi pia."

Naeku alinawa mikono. Aliwaletea—ndivyo Namnyaki alivyosimulia kwa watu wake, kwa kicheko cha machozi—maziwa yote ya asubuhi, akakaa nao, akataka aambiwe tangu mwanzo, na jina la Mzungu, na jina la mto, na nani aliyemshika kwapani. Alisema atawaambia watoto wake kila neno.

Familia tatu nyingine walizipata vivyo hivyo, kwa kuuliza njiani. Ya Bariki hawakuipata. Alikuwa amesema tu kwamba kwao ni juu, karibu na msitu, na kwamba mama yake yu hai. Mwanahalima alikwenda misheni akamwomba mwalimu aangalie daftari la ubatizo. Walikuwamo Bariki watatu, na wote watatu walikuwa wazima, mmoja wao alikuwa anapiga kengele nje wakati huo huo. Alirudi tena mwaka uliofuata. Sokoni, akimwona mwanamke mzee wa Kimeru amebeba ndizi, alimsalimu, akanunua mbili tatu, kisha akauliza kama ana kijana aliyepotea shamba la mkonge. Wengi walitikisa kichwa. Wengine walisema ndiyo, wakataja jina jingine, wakamwuliza yeye kama amemwona.